Ninyi, Si Wewe

Jumapili moja alasiri, rafiki yangu seremala alisimama katika ushirika wetu akasema, "Bwana asifiwe." Tukaitikia, "Amina." Kisha akanyamaza, mikono yote miwili imeshika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake. Alipopata sauti alituambia kwamba pombe ilikuwa imemwangusha tena jana yake, mara ya tatu tangu Krismasi, na kwamba mara zote tatu alikuwa na mstari mdomoni. Akautaja: Wakorintho wa kwanza, sura ya 10, mstari wa 13. Alikuwa ameukariri tangu mafundisho ya kipaimara. Aliusema alipotoka kupokea ujira, akausema alipokaribia kilabu, na alikuwa bado anausema mkono wake ulipopokea kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi. "Ndugu zangu," akauliza, "Neno limeshindwa, au mimi ndiye nisiyejua kulishika?"

Hakuna aliyemkemea. Mama mmoja wa makamo alianzisha wimbo wa Tukutendereza, tukauimba wote. Ulipokwisha, mzee aliyekaa karibu na mlango akamuuliza, "Ukitoka kupokea ujira, unarudi nyumbani na nani?"

"Peke yangu, mzee."

"Basi ndipo hapo," mzee akasema.

Watu wa ushirika huu wana majina mengi. Waganda waliwaita Balokole, yaani waliookoka, na jina hilo likavuka mpaka likafika kwetu Buhaya, Tanzania. Wakikuyu huwaita ahonoki. Wenyewe huitana ndugu tu, kijana kwa mzee, mke kwa mumewe, mkulima kwa askofu. Katika nchi ambako hata salamu hupimwa kwa umri na cheo, kuitana hivyo hakukuwa jambo dogo. Huo ndio Uamsho wa Afrika Mashariki, na napenda kukumbusha kwamba mwanzo wake haukuwa mkutano wa hadhara. Ulikuwa urafiki wa watu wawili. Mwaka 1929, Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini nchini Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho baada ya njaa kubwa iliyoua watu wengi mashariki mwa Rwanda. Huko Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kiu ileile. Walikaa pamoja wakifungua Biblia na kuomba, mweupe na mweusi, kila mmoja akimwambia mwenzake upungufu wake. Kwa mwaka ule, chini ya serikali ya kikoloni, hilo lenyewe lilikuwa jambo la kustaajabisha. Katika miaka ya 1930 moto ukawaka Gahini, ukaenea Uganda, Burundi, Tanganyika kwa njia ya Bukoba, na Kenya. Waliookoka hawakuunda dhehebu lao. Walibaki Waanglikana, Walutheri, Wapresbiteri na Wamethodisti, ila kila wiki walikutana ushirikani.

Desturi kuu ya ushirika huitwa kutembea nuruni. Chimbuko lake ni sura ya kwanza ya Waraka wa Kwanza wa Yohana, inayofunga pamoja kuenenda katika nuru, kushirikiana, na kusafishwa. Kwa wasioizoea huonekana kama kujianika. Mtu husimama akataja kilichomshinda wiki ile: hasira kwa mkewe, deni alilolikana, jicho lililokaa mahali pasipo pake. Hufanya hivyo dhambi ingali mbichi. Wazee walitufundisha kwamba jambo lililowekwa nuruni siku ya kwanza hutubiwa kwa machozi machache, na lililofichwa mwaka mzima humvunja mtu na nyumba yake. Wengi wa nje huogopa aibu. Mimi nimeona aibu hiyo ikiwaokoa watu.

Turudi kwenye mstari wa seremala. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba majaribu yaliyowafikia ni yale yale ya wanadamu wote, kwamba Mungu ni mwaminifu na hataruhusu mzigo uzidi nguvu zao, na kwamba pamoja na jaribu huweka njia ya kulitoka. Wengi wetu tumeusoma kama barua ya mtu mmoja. Lakini Kiswahili hakifichi hesabu ya watu. Fungua Biblia yako utazame: Paulo hasemi na wewe, anasema na ninyi. Kila kiambishi kinachowataja wasomaji katika mstari ule ni cha wengi. Waliojaribiwa ni wengi, waliopewa njia ni wengi, na watakaostahimili ni wengi. Lugha nyingine zina neno moja tu kwa mmoja na kwa wengi, na msomaji wake anaweza kujifungia chumbani na mstari huu bila kutambua kwamba ameuchukua peke yake. Sisi hatuna udhuru huo.

Hali yenyewe ya Korintho inathibitisha. Ulikuwa mji wa biashara wenye bandari mbili, na nyama nyingi ilipitia mahekaluni kabla ya kufika mezani. Jaribu lililowasumbua waamini wale lilikuja na mwaliko: jirani ana karamu, watu wako wa kazi wanakutana hekaluni, utakosaje kwenda? Liliingia kupitia watu. Ndiyo maana aya inayofuata inawaambia wakimbie ibada ya sanamu, na amri hiyo pia ni ya wengi. Kilabu cha pombe hakina tofauti. Hakuna aliyemvuta seremala kwa ladha ya rubisi peke yake. Alivutwa na sauti za wenzake waliomwita kwa jina. Sauti za watu hazijibiwi na mstari unaonong'onwa na mtu mmoja aliye peke yake barabarani.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mafundisho mengi ninayoyasikia siku hizi. Watu hufundishwa kuutamka mstari kana kwamba ni hirizi: useme mara tatu, useme kwa nguvu, ubandike ukutani. Kukariri ni kuzuri, na mama yangu alitukaririsha Zaburi kabla hatujajua kusoma. Lakini tazama sura ya nne ya Mathayo. Yesu alipojaribiwa jangwani alijibu mara tatu kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati, na katikati ya majibu hayo Ibilisi naye alinukuu Zaburi ya 91. Naye anaikumbuka. Kulijua Neno kwa moyo ni jambo moja. Kuliishi chini ya yule aliyelisema ni jambo lingine. Kisha angalia Gethsemane: Bwana yuleyule, saa ya jaribu lake kubwa, aliwaomba rafiki watatu wakeshe naye. Walilala, na usingizi wao haufuti ukweli kwamba aliwaomba wawe karibu. Nasi tu nani hata tuone haya kuomba msaada?

Kiswahili chenyewe kinatupa jambo la kufikiri. Wakatoliki katika Sala ya Bwana husema kishawishi, Waprotestanti husema majaribu. Kishawishi huonyesha kitu kinachomvuta mtu kuelekea uovu. Jaribu lina pande mbili, mvuto na mtihani, kama neno la Kigiriki alilolitumia Paulo, *peirasmos*. Wazee wetu walipenda upande wa mtihani. Walisema mtu hajui ana nini moyoni mpaka ajaribiwe, na kwamba aliyepita jaribu ndiye anayefaa kumshika mkono anayelipitia.

Sasa kuhusu kumwombea rafiki, kwa maana hapo ndipo desturi ilipo na uzito wake. Ndugu wa Uamsho husema kumbeba mtu. Hutamkwa kwa upole, na si kwa kila mtu. Ukikubali kumbeba ndugu, unakubali mambo ambayo hayakuandikwa popote lakini kila mtu anayajua. Unamtaja kwa jina kila siku, asubuhi kabla ya kazi. Husemi habari zake nje ya ushirika, hata kwa kisingizio cha kuomba watu wamwombee. Umbea uliovaa nguo ya maombi umeharibu nyumba nyingi kuliko ulevi. Mwanamume humbeba mwanamume, mwanamke humbeba mwanamke, hasa jaribu likiwa la mwili. Na lililo gumu kuliko yote, lazima umwendee. Sura ya tano ya Yakobo inaamuru kuungamiana na kuombeana katika pumzi moja, na sura ya sita ya Wagalatia inamtaka anayemrudisha aliyeanguka afanye hivyo kwa upole, akijiangalia asije naye akajaribiwa. Anayeombea kutoka juu hajabeba mtu, amemwekea mzigo mwingine.

Siku hizi nasikitika. Rafiki akituma ujumbe kwamba anapita pagumu, tunamjibu kwa simu: mstari mmoja, mikono miwili iliyofumbatwa, nakuombea. Wengine wetu hatuombi hata baada ya kutuma. Sisemi simu ni mbaya. Ndugu walioko Dar es Salaam na Muscat hawana njia nyingine ya kuwafikia waliobaki nyumbani Kamachumu. Lakini aliye umbali wa kupiga hodi apigiwe hodi.

Kwetu Buhaya jambo hili liliingia kwenye udongo uliokwisha kulimwa. Kabla ya wamisionari, watu wawili wasio wa ukoo mmoja waliweza kufanya omukago, udugu wa damu: punje mbili za tunda moja la kahawa zilipakwa damu, kila mmoja akameza ya mwenzake. Kuanzia hapo mlango wa mmoja ulikuwa mlango wa mwingine, na kumsaliti kulikuwa kujiletea laana. Askofu Josiah Kibira, Mhaya aliyeguswa na Uamsho na ambaye mwaka 1977 alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Walutheri Duniani, aliandika kitabu juu ya kanisa, ukoo na dunia. Watu wake walielewa haraka maana ya kuwa ndugu kwa damu ya mwingine, kwa sababu walikuwa wanajua gharama ya damu. Ndugu wa kweli hakuombei kisha akakuacha upite peke yako penye hatari.

Na si ulevi tu. Jaribu lililowapima ndugu wa Uamsho kuliko yote, nafikiri, lilikuwa chuki. Wakati wa vita vya Mau Mau, ndugu wengi wa Kenya ya kati walikataa kula kiapo na wakakataa pia kushika bunduki za serikali, wakauawa au wakaishi wakishukiwa na pande zote mbili. Mwaka 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda, mtoto wa Uamsho, aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Rafiki yake Askofu Festo Kivengere alitorokea Rwanda akivuka milima kwa miguu usiku pamoja na mkewe. Alisimulia baadaye jinsi uchungu ulivyokuwa unamjaa moyoni, hata Ijumaa Kuu ya mwaka ule, akiwa kanisani London, alipotambua kwamba naye anahitaji toba. Akaandika kitabu akitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Wengi walidhani amerukwa na akili. Mtu aliyezoea kuweka hasira zake ndogo nuruni kila wiki, mbele ya ndugu, alijua pa kuipeleka hata chuki hiyo.

Seremala je? Baada ya ushirika ule, mzee wa karibu na mlango alimwita kijana fundi wa baiskeli, akamwambia, "Ndugu, Jumamosi saa kumi utamngojea huyu anapopokea ujira. Mtapita njia ya juu." Kisha wakapiga magoti, sisi sote tukawazunguka. Ilikuwa sala fupi. Jumamosi ya kwanza walifika nyumbani kwa seremala saa kumi na moja, mkewe akawapikia chai. Walitembea hivyo wiki baada ya wiki, kwa zaidi ya mwaka mmoja, na hakurudi kilabuni.

Nawe unayesoma, kama kuna mtu unayemtaja katika sala zako na hujamwona mwezi huu, nenda kamwone kabla ya Jumamosi.