Kitunguu saumu cha mbegu si cha jikoni: Mfanyabiashara achague kabla ya kuvuka mpaka

Kitunguu saumu kinachotoka nyanda za juu za Mbulu, mkoani Manyara, hakiishii sufuriani peke yake. Wapo wakulima wanaokitaka kwa ajili ya kupanda, na hapo ndipo mfanyabiashara anapopata wateja wa msimu mzima, au anapowapoteza wote kwa gunia moja.

Zao hili halipandwi kwa mbegu ndogo kama mchicha. Hupandwa punje, na kila punje huzaa kichwa kimoja. Kwa hiyo kichwa chenye punje 10 kinaweza kuleta vichwa 10, lakini ugonjwa uliomo nao husambaa kwa njia hiyohiyo.

Unaohofiwa zaidi ni uozo mweupe. Dalili yake huanzia kwenye kitako: ukungu mweupe kama pamba, wenye vijidoa vyeusi vidogo mfano wa mbegu za haradali. Vijidoa hivyo vikishaingia shambani vinaweza kuishi ardhini hadi miaka 20, vikisubiri kitunguu kingine. Mkulima aliyeuziwa mbegu ya namna hiyo hapotezi mavuno ya mwaka mmoja tu. Shamba lake halifai tena kwa vitunguu vya aina yoyote kwa muda mrefu.

Ukaguzi wa gunia hauhitaji mashine. Kichwa kizuri ni kigumu na kizito kikishikwa, maganda yake ni makavu na hayajapasuka, na kitako ni kizima. Kikibonyea, kikiwa na ukungu wa kijani au buluu, au kitako kikiwa laini kama sifongo, kiwekwe kando. Usikague vya juu tu. Mwaga gunia zima. Punje kubwa za pembeni ndizo za kupanda, kwani punje ndogo huzaa vichwa vidogo.

Vichwa visipukuchuliwe mapema. Punje zilizotenganishwa hukauka na kuoza haraka, hivyo mkulima azitenganishe anapokaribia kupanda. Njiani na ghalani, tumia magunia ya wavu yanayopitisha hewa, mbali na unyevu.

Kisha kuna karatasi za mpakani. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki humwezesha mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani kutumia Cheti Rahisi cha Uasilia, ikiwa bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Wengi hudhani cheti hicho kinamaliza kila kitu. Kinahusu ushuru wa forodha, hakihusu afya ya mimea.

Anayepeleka mbegu Kenya huanza na kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS, kabla mzigo haujaondoka. Upande wa Tanzania, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) hukagua na kutoa cheti cha usafi wa mimea. Kituo cha pamoja cha Namanga huwaweka maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja, lakini hakiwezi kumtengenezea mtu kibali alichopaswa kuja nacho.

Kuandika "chakula" kwenye mzigo wa mbegu huonekana njia ya mkato. Gharama yake hulipwa na mkulima wa upande wa pili, na baadaye na muuzaji ambaye hana tena wa kumuuzia.