Kwa nini gari huchemsha mlimani, na oili inahusika vipi

Dereva anayepandisha mzigo kutoka Mombo kwenda Lushoto anajua kuutazama mshale wa joto kila baada ya kona chache. Njia hiyo ina zaidi ya kilomita 30 za kona na mwinuko. Gari lililoondoka zima linaweza kufika katikati ya mlima likitoa mvuke. Likilazimishwa kuendelea, kinachofuata ni gasketi kuungua au injini kunoki, na gharama ya matengenezo inaweza kumaliza mapato ya msimu mzima.

Joto linatoka wapi

Katika injini ya petroli, chini ya theluthi moja ya nguvu ya mafuta ndiyo hufika kwenye magurudumu. Nyingine hutoka na moshi, na iliyobaki hugeuka joto ambalo lazima liondolewe na maji, oili na upepo. Gari lenye mzigo likipanda kwa gia namba moja au mbili linachoma mafuta mengi huku likienda polepole. Joto linaongezeka, lakini upepo unaopita kwenye rejeta unapungua. Hapo feni ndiyo tegemeo. Kama beliti imelegea, au rejeta imezibwa na matope na wadudu, mshale utapanda tu.

Oili nayo inapooza

Wengi wanajua kwamba oili hulainisha. Wachache wanakumbuka kwamba pia hubeba joto kutoka sehemu ambazo maji hayafiki: chini ya pistoni na kwenye beringi za krenki shafti. Oili ikipungua, ile iliyobaki inazunguka mara nyingi zaidi bila kupata muda wa kupoa. Ikizidi nyuzi joto 130 hivi, oili nyingi za kawaida huanza kuharibika haraka: zinakuwa nyepesi mno, na baadaye zinaacha uchafu mweusi kama lami.

Magari mengi hayana kipimo cha joto la oili. Mshale wa dashibodi unaonyesha joto la maji. Oili huchelewa kupata moto kuliko maji, na huchelewa kupoa pia. Kwa hiyo mshale ukirudi chini baada ya dakika tano, usidhani injini yote imepoa.

Funzo kutoka viwanja vya mbio

Ulaya kuna viwanja vya mbio ambavyo dereva wa kawaida hulipia kuendesha gari lake mwenyewe. Maarufu zaidi ni Nürburgring, Ujerumani, ambako mzunguko mmoja una urefu wa karibu kilomita 21. Gari la kwenda sokoni likipelekwa huko hupata taabu ileile ya gari lenye mzigo mlimani: injini inafanya kazi kwa nguvu zote bila kupumzika.

Madereva wazoefu wa huko wana utaratibu. Huanza polepole mpaka oili ipate moto. Hukimbia kwa muda mfupi, kisha huendesha taratibu ili injini ipoe kabla ya kuizima. Hupima oili kila wanaposimama, kwa sababu kwenye kona kali oili hukimbilia upande mmoja wa sampo, na ikiwa pungufu pampu hunyonya hewa.

Hayo yote yanafaa mlimani. Usianze kupanda na injini ya baridi. Ukifika juu, acha injini iungurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima, hasa dizeli yenye tabo, kwa sababu beringi za tabo hutegemea oili inayozunguka. Ukizima ghafla, oili iliyobaki ndani yake inaungua.

Kupima na kuchagua oili

Pima gari likiwa mahali tambarare, dakika 5 hadi 10 baada ya kuzima. Futa kijiti, kirudishe, kisha soma: oili iwe kati ya alama mbili. Kujaza kupita kiasi pia ni hatari, kwa sababu krenki shafti huipiga oili mpaka ikatoa povu.

Kwenye kopo utaona maandishi kama 15W-40. Namba ya kwanza inaeleza oili inavyotiririka kwenye baridi. Ya pili ni uzito wake injini ikiwa na moto. Fuata kitabu cha gari. Oili nzito kuliko inavyotakiwa huchelewa kufika kwenye beringi unapowasha asubuhi.

Mwenye bodaboda asitumie oili yoyote ya gari. Pikipiki nyingi zina klachi inayoogelea ndani ya oili, na baadhi ya oili za magari huifanya iteleze. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA.

Dalili zikitokea

Mshale ukianza kupanda, zima kiyoyozi, punguza mwendo, na washa hita hata kama kuna joto: inatoa sehemu ya joto la injini. Ukikaribia alama nyekundu au ukiona mvuke, simama na uzime.

Usifungue mfuniko wa rejeta. Mfuniko huo hubana maji yasichemke hata yakipita nyuzi 100. Ukiufungua, yanachemka papo hapo na kuruka usoni. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka bomba la juu la rejeta lishikike kwa mkono, ndipo uongeze maji kidogo kidogo. Maji baridi kwenye injini ya moto yanaweza kupasua silinda hedi.

Taa nyekundu yenye umbo la kibirika ni jambo jingine. Inasema msukumo wa oili umeshuka, na chuma kinasuguana na chuma. Hapo hakuna kusema "nifike kwanza". Zima mara moja unapoweza kusimama kwa usalama.

Na fundi akikushauri kutoa thamostati ili gari lisichemshe, muulize kwanza kwa nini linachemsha. Bila thamostati injini hukawia kupata moto, hula mafuta zaidi na huchakaa upesi, huku rejeta iliyoziba ikibaki vilevile ikingoja mlima unaofuata.