Mvua isiyoonekana juu ya Lulimba: hesabu ya wanasayansi bado haitimii

LULIMBA, Fizi – Mama anayefungua kiganja sokoni Lulimba ili apokee feza zake hupitiwa na chembe moja au mbili kila sekunde, zilizozaliwa kilomita kama 15 juu angani. Hasikii kitu. Chembe hizo, zinazoitwa muoni, hupenya mkono, hupenya meza ya bidhaa, huingia udongoni. Hata mchimbaji aliye ndani ya shimo la dhahabu kule Misisi zinamfikia, ingawa mwamba hupunguza idadi yake.

Chanzo ni protoni zinazotoka mbali angani. Zikigonga hewa, nguvu ya mgongano yenyewe hugeuka kuwa chembe mpya, ambazo nazo hugonga hewa na kuzaa nyingine, mpaka inanyesha mvua ya chembe. Victor Hess wa Austria aligundua miale hiyo mwaka wa 1912, akipanda na vyombo vyake katika baluni. Swali lililobaki ni gumu zaidi: protoni moja huzaa chembe ngapi, na za aina gani?

Kalamu na karatasi havitoshi. Wanafizikia hutumia programu za kompyuta, kama EPOS, QGSJET na Sibyll. Programu hurusha kete kwa kila mgongano, ikifuata kanuni za fizikia na vipimo vya maabara, kisha matokeo hulinganishwa na mvua yenyewe.

Hapo ndipo shida inapoanza. Huko Argentina, kituo cha Pierre Auger kimetandaza matangi zaidi ya 1,600 ya maji, kila moja lita 12,000, kwenye kilomita za mraba 3,000, karibu sehemu moja ya tano ya teritware ya Fizi. Mwaka wa 2016 watafiti wake walitangaza kwamba, kwa protoni na viini vyenye nguvu kubwa kabisa, muoni zinazofika chini zinaonekana kuzidi hesabu ya programu kwa asilimia 30 hadi 60. Mfanyabiashara anayekuta pengo la namna hiyo dukani hawezi kulala.

Kosa linatafutwa ndani ya mgongano. Chembe nyingi zinazozaliwa huitwa pioni. Pioni isiyo na chaji hugeuka mwanga mara moja, na nguvu yake haizai tena muoni. Zenye chaji huendelea na safari, na mwishowe huwa muoni. Kwa hiyo programu ikikosea kidogo tu katika mgawanyo huo, kosa linakua kila chembe zinapogonga hewa tena.

Fununu moja ilitoka CERN, maabara iliyo karibu na Geneva. Mwaka wa 2017 kundi la ALICE lilionyesha kwamba migongano ya protoni inayozaa chembe nyingi hutoa pia sehemu kubwa zaidi ya chembe za aina ya pekee, zenye kwaki inayoitwa “ngeni”. Programu nyingi hazikutarajia hilo. Mgongano ukielekeza nguvu zaidi kwenye chembe za namna hiyo, pioni zinazogeuka mwanga hubaki na fungu dogo, na muoni huongezeka.

Julai 2025, mtambo wa CERN wenye mzunguko wa kilomita 27 uligonganisha protoni na oksijeni kwa mara ya kwanza. Awali vipimo vingi vilitoka kwenye migongano ya protoni kwa protoni, au protoni na risasi, madini mazito ya kwenye betri za magari. Lakini juu ya Lulimba hakuna risasi hewani: kuna azoti asilimia 78 na oksijeni 21.