Mto Utokao Pugu

Sogeeni, wajukuu zangu. Leo sungura na fisi wapumzike. Nawasimulia habari za mto, na mto wenyewe upo.

Unaitwa Msimbazi. Huanzia vilima vya Pugu, ukapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, kisha ukaingia baharini kwenye Daraja la Selander, Dar es Salaam. Ukiuona wakati wa kiangazi utaudharau. Lakini Desemba 2011 ilinyesha mvua ambayo jiji halikuwa limeiona kwa zaidi ya miaka 50. Mto ukafurika, watu zaidi ya 40 wakafa na maelfu wakakosa pa kulala. Familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande.

Hapa tegeni masikio. Mvua inaweza kunyesha Pugu huku Jangwani jua linawaka. Mtoto anatazama juu, haoni wingu, anaendelea kucheza bondeni, kumbe maji yako njiani. Ndiyo maana nyumba ya bondeni hujiandaa kabla masika ya Machi hayajaingia.

Tuseme Kigogo kuna bibi anaishi na wajukuu wawili. Februari wanazibua mfereji ulio mbele ya nyumba, wanatoa chupa na mifuko, kwa maana mfereji ulioziba huleta maji ndani hata mto usipofurika. Vyeti vya kuzaliwa, kadi ya kliniki na vitambulisho bibi anavitia kwenye mfuko wa plastiki, anaufunga barabara, anauning'iniza juu ukutani. Kando yake kuna begi lenye tochi, nguo kavu na dawa zake za presha. Unga unapanda juu ya kabati. Maji ya kunywa yamo kwenye dumu lenye kifuniko.

Kisha wanapanga jambo ambalo nyumba nyingi husahau: nani atamshika bibi mkono, nani atabeba begi, na watakutania wapi. Wamechagua shule iliyo mwinukoni, wakaiendea kwa miguu wakati wa mchana, ili usiku wa giza miguu ijue njia. Jioni husikiliza redioni tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Umeme bibi huuzima mwenyewe kwenye swichi kuu, mikono ikiwa mikavu, kabla maji hayajaingia. Watoto hawaigusi.

Tangazo la kuondoka likija, huondoka papo hapo, hata kama godoro limebaki. Godoro hununuliwa tena, wanangu.

Na msiyavuke maji yanayokimbia, hata mkubwa akisema ni ya kifundo tu. Sentimita 15 za maji ya kasi zinatosha kumwangusha mtu mzima. Tena ni ya tope. Hayaonyeshi shimo lililoachwa wazi wala waya wa umeme ulioanguka. Mkimwona mtu amekwama, msimfuate majini. Iteni wakubwa, wapigie Zimamoto, 114.

Maji yakishapungua, msikimbilie kuchezea tope. Vyoo vya shimo vimefurika na uchafu wake umechanganyika humo, na huko ndiko kipindupindu hutokea. Maji ya kisima yachemshwe mpaka yatokote au yatiwe dawa. Vyakula vilivyoguswa na mafuriko vitupwe, hata vikinukia vizuri. Swichi isiwashwe mpaka fundi akague nyaya. Nyumba ikioshwa, mfereji uzibuliwe tena siku hiyohiyo, maana masika huwa hayajaisha.