Nembo ya Kilimohai Inasema Nini, na Haisemi Nini

Kazi yangu ni kusaga na kupaki unga wa lishe pale Igoma, Mwanza. Wateja huniuliza: "Mama, unga wako ni organiki?" Nikiwauliza wanakusudia nini, wengi hujibu, "Usio na kemikali." Nawaambia si organiki, ijapokuwa siongezi chochote juu ya nafaka, soya na karanga. Mahindi ninayonunua yamekuzwa kwa mbolea ya dukani, na uorganiki huanzia shambani.

Afrika Mashariki tuna nembo yetu, Kilimohai, iliyozinduliwa mwaka 2007 pamoja na kiwango kimoja cha nchi za Jumuiya. Mkulima anayeitumia haweki mbolea wala viuatilifu vya viwandani, hapandi mbegu zilizobadilishwa vinasaba, na shamba lake hukaguliwa, ama na shirika la ithibati ama na wakulima wenzake kwa utaratibu unaotambuliwa. Uzito wote wa nembo uko kwenye huo ukaguzi. Neno "asilia" lililochapwa kwa rangi ya kijani halina mkaguzi nyuma yake. Hata mimi naweza kulichapa kesho. Nembo ya TBS nayo inahusu ubora na usalama wa bidhaa, haiulizi mahindi yalipewa mbolea gani.

Wapo wanaosema sangara wetu ni organiki kwa kuwa ni wa ziwani. Umoja wa Ulaya, mnunuzi mkubwa wa minofu yake, haukubali samaki wa kuvuliwa aitwe hivyo, maana hakuna aliyemfuga. Tena mwaka 1999 Umoja huo ulizuia samaki wa Ziwa Victoria, baada ya habari za watu kuvua kwa sumu.

Hofu nyingine ni zile namba za E nyuma ya pakiti. E330 ni asidi ileile inayoifanya ndimu iwe chachu. E300 ni vitamini C. E500 ni jamii ya magadi tunayotia kwenye maharage. E407 hutengenezwa kwa mwani, kama ule wanaolima akina mama wa Zanzibar. Zote nne zinaruhusiwa Ulaya hata kwenye vyakula vya organiki! Namba ya E maana yake ni kwamba kitu kimechunguzwa na kukubaliwa kutumika. Sisemi kila kitu ni cha kumimina: E250 ya kwenye soseji ina kikomo chake, na kikomo hicho kina sababu. Lakini madini joto kwenye chumvi nayo huongezwa kiwandani, na yanawakinga watoto wetu na madhara makubwa.

Ninachokiogopa mimi ni sumukuvu, na hiyo haiandikwi kwenye pakiti. Inatokana na ukungu, kitu cha asili kabisa. Mwaka 2016 iliua watu 20 huko Dodoma na Manyara, na wengi walikula mahindi waliyolima wenyewe. Kuipika hakuiondoi.

Kwa hiyo, mama mwenzangu, akikuambia mtu bidhaa yake ni organiki, muulize nani alikagua shamba. Na karanga zilizosinyaa au zenye ukungu usizinunue, hata muuzaji akiapa kwamba zilikuzwa kwa samadi tupu.