Nani Asemaye kwa Niaba ya Mababu?

Methali isemayo kwamba mwacha mila ni mtumwa husikika sana vijijini kwetu, na mara nyingi hutumiwa kumnyamazisha mtu. Binti akiuliza kwa nini hakugawiwa kipande cha shamba la babake, huambiwa hivyo. Mjane akikataa kurithiwa na shemeji yake, huambiwa hivyo. Hata mwanafunzi akitaka kujua chanzo cha tambiko fulani, huambiwa hivyo na mjadala hufungwa papo hapo. Methali yenyewe haina kosa. Lililo na kasoro ni matumizi yake, kwa kuwa haielezi mila hizo ni za nani, wala ni nani aliyekabidhiwa idhini ya kuzisemea.

Naliandika suala hili nikiwa mwanaisimu, tena mwanamke mzaliwa wa Lwakhakha, mji mdogo ulioko kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, chini ya mlima ambao ramani huuita Elgon na sisi wenyeji twauita Masaba. Nchi hii ya Bungoma, pamoja na mashamba yanayoelekea Kitale, ndiyo iliyokuwa kitovu cha Dini ya Msambwa, mojawapo ya majaribio mashuhuri ya Waafrika kuirejelea imani ya mababu katika karne ya 20. Mbali sana na hapa, katika kisiwa cha Aisilandi, mwaka 1972 watu wachache waliunda chama kiitwacho Ásatrúarfélagið kwa madhumuni kama hayo. Walitaka kuirejesha imani ya kale ya Skandinavia, ambayo bunge la kisiwa hicho liliiweka kando mnamo mwaka 1000 lilipoamua kwamba nchi yote iwe ya Kikristo. Msomaji asishangae nikizitaja harakati hizi mbili kwa pamoja. Wote wanaorudi kwa mababu, wawe wa Masaba au wa Aisilandi, hukabiliwa na maswali mawili: mwanamke ana nafasi gani katika imani hiyo, na mgeni ana nafasi gani?

Hebu tuanze na maneno, kwani maneno huhifadhi mambo ambayo watu wamekwisha kuyasahau. Katika Lubukusu twasema *kumusambwa* kwa umoja na *kimisambwa* kwa wingi. Neno hilo hutaja roho za wahenga, na papo hapo hutaja desturi walizotuachia. Majirani zetu Waganda wanalo neno *omusambwa*, nao hulitumia kwa roho inayokaa mahali kama vile mwamba au mto. Dhana ya dini, kwa maana ya imani iliyojitenga na maisha mengine, haimo katika neno hilo. Watu wa kale wa Skandinavia nao hawakuwa na neno la dini kwa maana tunayoifahamu leo. Walisema *siðr*, yaani desturi, na Ukristo ulipowafikia waliuona kuwa desturi mpya iliyokuja kuiondoa desturi ya kale. Pande zote mbili, basi, imani ilikuwa namna ya kuishi na watu. Ilikuwa katika kupanda, kuzaa, kuzika, kugawana chakula na kumpokea mgeni.

Tukikubali hivyo, hatuna budi kukubali pia kwamba sehemu kubwa ya imani hiyo ilikuwa mikononi mwa wanawake. Ajabu ni kwamba historia iliyoandikwa haionyeshi hivyo.

Elijah Masinde, aliyeianzisha Dini ya Msambwa miaka ya 1940, alikuwa kwanza mchezaji kandanda hodari na mshiriki wa kanisa la Marafiki, yaani Wakweka, ambao walikuwa wamefika Kaimosi mwaka 1902. Inaelezwa kwamba alitengwa na kanisa hilo baada ya kuoa mke wa pili. Mwaka 1945 serikali ya kikoloni ilimkamata na kumpeleka katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Alipotoka mwaka 1947 aliwakusanya wafuasi wake Chetambe, karibu na Webuye, kuwakumbuka Wabukusu waliouawa hapo na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Tarehe 10 Februari 1948, huko Malakisi, polisi waliufyatulia risasi umati wa waumini na kuwaua watu 11. Dini hiyo ikapigwa marufuku mwaka huo. Iliandikishwa upya mwaka 1964 baada ya uhuru, ikapigwa marufuku tena mwaka 1968. Masinde mwenyewe alifariki mwaka 1987, baada ya kufungwa na serikali ya wakoloni na ile ya wananchi pia.

Habari hizi hufundishwa, na ni haki zifundishwe. Lakini hebu mwalimu azisome tena na kuhesabu majina ya wanawake yaliyomo. Majina yanayotajwa ni ya Masinde na wanaume wenzake. Huyo mke wa pili, ambaye inasemekana ndiye aliyekuwa sababu ya ugomvi na kanisa, hutajwa kama tukio tu. Kanisa halikumuuliza anataka nini, na waliolihama kanisa nao hawakumuuliza. Chetambe vilevile husimuliwa kama vita vya mashujaa, ilhali ngome za Wabukusu zilikuwa vijiji vilivyozungushiwa ukuta, na ndani yake waliishi akina mama na watoto.

Mila zenyewe zina kumbukumbu nzuri kuliko vitabu. Tazama majina tunayowapa watoto wetu. Mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati wa mvua ni Wafula, na wa kike ni Nafula. Wa wakati wa mavuno ni Wekesa na Nekesa, wa kiangazi ni Simiyu na Nasimiyu, na wa wakati wa njaa ni Wanjala na Nanjala. Msimu haumpendelei yeyote. Tazama pia tohara ya wavulana, ambayo hufanywa mwezi wa Agosti katika miaka inayogawika kwa mbili. Mvulana hawezi kwenda mtoni alfajiri kupakwa matope kabla ya kumwendea mjomba wake, ndugu ya mama, ambaye humchinjia na kumvisha shingoni kipande cha nyama kiitwacho *luliki*. Maana yake ni wazi: huwezi kuwa mwanamume wa ukoo wa babako kabla ukoo wa mamako haujakukubali. Sherehe inayodhaniwa kuwa ya wanaume watupu imejengwa juu ya heshima ya mwanamke.

Ipo mifano mingine isiyopendeza hivyo. Mzee mwenye cheo akifariki, Wabukusu huwa na *kumuse*, hotuba ndefu itolewayo siku chache baada ya maziko. Msemaji hutembea katikati ya watu walioketi, fimbo mkononi, akisimulia historia ya koo na kufundisha maadili. Kwa desturi msemaji huyo ni mwanamume. Katika kazi yangu ya kurekodi lugha nimewahi kuketi na mzee mmoja aliyesifika kwa elimu ya nasaba. Kila alipokwama aligeuka kando na kuuliza, "Mama, yule alioa wapi?" Mkewe, aliyekuwa akichambua maharagwe mlangoni, alimjibu bila kuinua kichwa. Nilipomwomba mama huyo naye nimrekodi, alicheka akaniambia, "Mwanangu, mimi sina maneno, mwenye maneno ni mzee." Alikuwa nayo yote. Alichokosa ni kiti cha kuyasemea.

Hapa ndipo mfano wa Aisilandi unapotufaa. Katika lugha yao ya kale kuhani wa kiume aliitwa *goði* na wa kike *gyðja*, kwa hiyo waliorejesha imani hiyo hawakuweza kudai kwamba mwanamke madhabahuni ni jambo la kigeni. Kati ya mwaka 2002 na 2003 chama chao kiliongozwa kwa muda na mwanamke, Jónína Kristín Berg. Viongozi wake pia wamekataa hadharani imani yao itumiwe kuhubiri ubaguzi wa rangi.

Kwingineko mambo hayakwenda hivyo. Nchini Marekani kulizuka makundi yanayoshikilia kwamba miungu ya Skandinavia ni ya watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini pekee. Mwaka 2016 kundi moja kati ya hayo, Asatru Folk Assembly, lilitoa taarifa iliyosifu watoto wa kizungu na kuwapangia wanaume na wanawake tabia zinazowapasa. Vyama vingi vya imani hiyohiyo vilijitenga nalo kwa kutia saini Tamko la 127. Jina hilo lilitokana na ubeti wa 127 wa utenzi wa kale uitwao Hávamál, ambao humtaka mtu asinyamaze aonapo uovu. Utenzi huohuo huanza na mashauri juu ya mgeni anayefika mlangoni. Msomaji na azingatie jinsi taarifa ile ilivyokwenda: waliomfungia mgeni mlango ndio hao hao waliompangia mwanamke mahali pa kukaa. Sidhani kwamba ilitokea kwa bahati. Mtu akisema kwamba mila ni damu, hana budi kuilinda damu hiyo, na anayelindwa na kuchungwa kwanza ni mwanamke, kwa kuwa ndiye azaaye.

Tusidhani kwamba ugonjwa huo ni wa Wazungu pekee. Katika mapigano ya kikabila ya miaka ya mwanzo ya 1990, na tena Mlima Elgon kati ya mwaka 2006 na 2008, watu wa nchi yetu waliuana kwa hoja ya ardhi ya mababu, na wajane waliobaki walikuwa wa pande zote. Mwezi wa Agosti mwaka 2014 iliripotiwa kwamba katika mji wa Moi's Bridge, kati ya Kitale na Eldoret, wanaume kadhaa wa makabila yasiyotahiri walikamatwa na kundi la watu wakatahiriwa kwa nguvu. Iliripotiwa pia kwamba waliowalalamikia walikuwa wanawake. Nalitaja hilo ili nisionekane kwamba nawatetea wanawake kwa jinsia yao tu. Mwanamke naye anaweza kuigeuza mila kuwa rungu. Lililo muhimu ni kujua tunaitumia mila kumfanyia nini mwenzetu.

Jawabu kwa hoja ya damu limo katika simulizi zetu wenyewe. Wazee husimulia kwamba Mango alimuua joka lililokuwa likiwasumbua watu, na kwa ushujaa huo akatahiriwa na Wasabaot, majirani zetu tunaowaita Barwa. Hivyo desturi ambayo Mbukusu huihesabu kuwa kitambulisho chake kikuu ilitoka kwa jirani, jirani yuleyule tuliyekuja kupigana naye juu ya ardhi. Dini ya Msambwa yenyewe ilivuka mipaka ya kabila. Jina lake lilianza na neno la Kiswahili lenye asili ya Kiarabu, na mafundisho yake yalichanganya Agano la Kale na matambiko ya Masaba. Mpokot Lukas Pkech aliyachukua akawahubiria watu wake, hadi alipouawa katika mapambano ya Kolloa mwezi wa Aprili mwaka 1950. Kama msambwa ungekuwa damu, haungaliweza kufika Kolloa.

Sheria nayo imepata kuyumba katika jambo hili. Mwezi wa Mei mwaka 1987, katika kesi ya maziko ya wakili S. M. Otieno, Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba ukoo wa Umira Kager ndio wenye haki ya kumzika marehemu, wala si mjane wake, Wambui Otieno. Katiba ya mwaka 2010 imetuwekea mizani nyingine. Kifungu cha 2(4) kinabatilisha sheria yoyote ya kimila inayopingana na Katiba, na kifungu cha 44(3) kinakataza mtu kumlazimisha mwingine kufuata desturi au kufanyiwa tambiko. Katiba hiyohiyo inalinda utamaduni na uhuru wa kuabudu. Haikuja kuzika mila. Imekuja kuwakumbusha wenye mila kwamba kila mtu mzima ana hiari yake.

Ninawaomba walimu na wanafunzi jambo moja la vitendo. Mnapotumwa kukusanya masimulizi, nyimbo, misemo na nasaba, msiishie kwa mzee aliyeketi kwenye kiti. Ingieni jikoni, mkae na *kukhu*, yaani bibi. Mwulizeni jina lake kamili, ukoo wake wa kuzaliwa, na mahali alipoyapata maneno yake, kisha yaandikeni majibu hayo pamoja na jina lake. Na mtu akiwaambia kwamba jambo fulani ni mila, mwulizeni kwa adabu: mila hii inamtendeaje mwanamke aliyeolewa katika ukoo huu? Inamtendeaje mpita njia asiye wa kabila letu? Wahenga wetu ndio waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ikiwa kweli tunataka kurejea kwao, na turejee pia kwa mlango waliouacha wazi, na kwa yule mama aliyekuwa akijibu kutoka mlangoni hapo bila ya mtu kumwandika.