Mchezo, Kazi na Ubongo wa Mtoto

Watu wengi hudhani kwamba mtoto achezaye anapoteza wakati, na kwamba mtoto atwangaye mawe ya dhahabu anajifunza maisha. Katika machimbo madogo ya Geita na Kahama, mkoani Shinyanga, fikra hiyo yafaa ichunguzwe kwa makini.

Mtoto anapokimbia, moyo wake hupiga kwa kasi, na damu ichukuayo oksijeni huzunguka kwa wingi zaidi. Faida yake haiishii katika misuli. Mwaka 2009 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwapima watoto 20 wenye umri wa miaka tisa hadi kumi hivi. Baada ya kutembea kwa dakika 20, watoto hao walikuwa makini zaidi na walielewa vizuri zaidi walichosoma, kuliko walipokuwa wamekaa tu. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku.

Hapa msomaji aweza kuuliza: Je, mtoto abebaye viroba vya mawe tangu asubuhi hajapata mazoezi ya kutosha? La, hasha! Mchezaji akichoka hupumzika. Mbeba mzigo hana hiari hiyo. Uzito huelemea mgongo na viungo visivyokomaa, na vumbi la mawe huumiza mapafu. Tena kuna zebaki, itumiwayo kunasa dhahabu. Ichomwapo hugeuka mvuke usioonekana, ambao huvutwa kwa pumzi na kudhuru ubongo na neva. Ubongo wa mtoto, kwa kuwa ungali unakua, ndio udhurikao zaidi. Hivyo machimbo humnyang'anya mtoto kile kile ambacho mchezo humjengea.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumikisha mtoto katika kazi za hatari, uchimbaji madini ukiwamo. Lakini katazo peke yake halitoshi. Yapasa mtoto apewe mahali pengine pa kutumia nguvu zake. Kamba ya kuruka, mpira wa matambara na mchezo wa rede havihitaji fedha nyingi. Kinachohitajika ni kiwanja kilicho mbali na makarasha na mialo ya kuchenjulia dhahabu, na mzazi na mwalimu watambuao kwamba saa ya mchezo ni sehemu ya masomo.